Muulize Mama Waya: Kadi ipo, taa inawaka, programu haiioni

Mwezi huu barua zimekuja kwa wingi na karibu zote zina kilio kimoja: programu ya kupima matumizi ya mtandao haioni kadi, au inaona ile isiyotakiwa. Nimechagua sita. Kabla sijaanza, tuelewane neno moja. Kamusi inasema kiolesura cha mtandao, vijana kazini wanasema intafesi. Mimi nitasema kiolesura, na ninaposema kadi nina maana ya chuma chenyewe. Kadi unaishika mkononi. Kiolesura ni jina ambalo kerneli, yaani kiini cha mfumo wa mashine, imeupa mlango wa kupitishia pakiti (vifurushi vya data), na milango mingine haina kadi yoyote nyuma yake.

*Shikamoo Mama Waya. Nina seva ya Linux ninayoipima kwa vnStat, mwaka wa pili sasa. Wiki mbili zilizopita niliizima nikaongeza diski ya NVMe kwenye nafasi ya PCIe. Ilipowaka mtandao ulikuwepo, watu wanafanya kazi kama kawaida, lakini takwimu za enp3s0 zimelala chali tangu siku hiyo. Nimeondoa vnStat na kuiweka upya mara tatu. Hifadhidata naogopa kuifuta kwa sababu ina historia yote. Je, diski imeharibu kadi?*
— Aliyechoka na enp3s0

Marahaba, mwanangu. Diski haijaharibu kitu, na hofu yako ya kufuta hifadhidata ndiyo iliyokuokoa.

vnStat haigusi kadi wala hainusi pakiti. Ni msoma mita tu. Kerneli inahesabu baiti zenyewe zinapopita, na vnStat inakwenda kila baada ya sekunde chache, inasoma tarakimu, inatoa tofauti na usomaji uliopita, inaandika daftarini. Mita hizo unaweza kuzisoma mwenyewe kwa `cat /proc/net/dev`. Sasa daftari la msoma mita wako limeandikwa "nyumba enp3s0". Anafika mtaani, nyumba yenye namba hiyo haipo, anarudi na sifuri. Kumfukuza kazi na kumwajiri tena mara tatu, akiwa na daftari lilelile, hakutabadilisha kitu.

Andika `ip -br link`. Nina shaka kubwa kwamba utakuta enp4s0 au namba nyingine ya jirani. Jina hilo si bahati nasibu: en ni Ethernet, p3 ni basi (njia ya data ndani ya mashine) namba 3 ya PCI, s0 ni nafasi 0 kwenye basi hiyo. Ulipochomeka diski kwenye PCIe, mashine ilizihesabu basi zake upya ilipowaka, na kadi yako ikasukumwa hatua moja mbele. Mtandao uliendelea kwa sababu, inaelekea, usanidi wako unachukua anwani kwa DHCP (kugawiwa anwani na mtandao wenyewe) kwenye kadi yoyote ya waya iliyopo. Wenye usanidi uliotaja enp3s0 kwa jina huwa hawana bahati hiyo. Wao hukuta seva imekata mawasiliano kabisa, na angalau hao hugundua siku hiyohiyo.

Kuna jambo la pili. Toleo la 2 la vnStat, likianza na hifadhidata tupu, huongeza lenyewe violesura vyote linavyoviona, isipokuwa vile vya bandia kama lo. Likishakuwa na hifadhidata, haliongezi kipya bila kuambiwa, labda uwe umeweka `AlwaysAddNewInterfaces 1` kwenye vnstat.conf. Ndiyo maana linganisha orodha mbili: `vnstat --iflist` inakuonyesha vilivyopo kwenye mashine sasa hivi, na `vnstat --dbiflist` inakuonyesha vilivyoandikwa daftarini. Orodha hizo zikitofautiana, umeshapata ugonjwa.

Sasa tiba. Usikimbilie `--add`, maana utapata historia mbili za kadi moja. Simamisha huduma, nakili faili `/var/lib/vnstat/vnstat.db` mahali salama, kisha andika `vnstat -i enp3s0 --rename enp4s0` na uwashe huduma. Amri hiyo itoe kama root (msimamizi mkuu wa mashine), halafu hakikisha faili bado ni mali ya mtumiaji vnstat. Nimeona hifadhidata zikigeuka mali ya root, huduma ikashindwa kuandika, na fundi akarudi mwanzo akidhani kadi imepotea tena.

Wiki mbili zilizopotea huwezi kuzipata siku kwa siku. Lakini kama seva haijazimwa tangu siku ya diski, `ip -s link show enp4s0` itakupa jumla ya baiti zote tangu ilipowaka. Iandike mahali kabla hujaiwasha upya.

Na ili tusikutane tena ukiongeza diski nyingine, ipe kadi jina lako mwenyewe. Tengeneza faili `/etc/systemd/network/10-nje0.link`, uandike hivi:

[Match]
MACAddress=anwani ya kadi yako
Type=ether

[Link]
Name=nje0

Mstari wa Type usiuache. Daraja (kiolesura kinachounganisha vingine) na VLAN (mtandao uliotengwa ndani ya kadi ileile) huazima anwani ya MAC, yaani namba ya utambulisho, ya kadi iliyo chini yao, na bila mstari huo sharti lako linaweza kuzinasa hizo pia. Kwenye Debian na jamaa zake endesha `update-initramfs -u` kabla ya kuwasha upya, kwa sababu majina hugawiwa mapema sana mashine inapoamka. Jina likishabadilika, rudia rename kwenda nje0.

Wazee wenzangu watauliza kwa nini tuliacha eth0. Tuliiacha kwa sababu eth0 ilikuwa ya kadi iliyowahi kuamka. Mashine yenye kadi mbili iliweza kuamka leo hii ikiwa eth0 na ile eth1, kesho kinyume chake. Mwaka 2013 systemd toleo la 197 ilileta majina haya ya kufuata mahali kadi ilipokaa. Ni mazuri mradi hujagusa chuma. Kadi za USB ndizo zenye majina ya kuchekesha zaidi: mara nyingi hupewa enx na kufuatiwa na tarakimu 12 za MAC, jumla herufi 15. Kikomo cha jina la kiolesura kwenye Linux ni herufi 15 hizohizo. Ukitaka kuliongezea VLAN kwa mtindo wa kuweka nukta na namba mwishoni, halitoshi, na programu za zamani hulikata jina katikati kisha zinalalamika kuwa kiolesura hakipo.

Nikuungamie kitu ili usijione peke yako. Nilipokuwa kijana nilifunga kipimo kwenye seva yenye kadi mbili za mahali nilipokuwa nafanya kazi. Nilichagua kadi iliyokuwa juu kwenye orodha. Ilikuwa na kebo, taa zake zinapepesa vizuri, na grafu ilichora vijilima vidogo mchana na usiku. Niliripoti kwa miezi mitatu kwamba laini ni kubwa kuliko mahitaji. Kadi ile ilikuwa ya akiba. Vijilima vile vilikuwa ni makelele ya mtandao wa ndani, mashine zinaulizana nani ana anwani fulani, na kazi yote ilipita kwenye kadi ya pili. Laini ilipunguzwa kwa ushauri wangu, na wiki iliyofuata nilipata kujua sauti ya bosi wangu inafika wapi. Tangu hapo, hata kiolesura kikionekana, siamini mpaka nimekipitishia kitu ninachokijua ukubwa wake. Nitaeleza namna hiyo kwenye barua ya nne.

*Mama Waya, habari za kazi. Nimeweka programu ya kupima ndani ya kontena ya Docker. Inaona eth0 na lo tu, na kwenye eth0 hesabu ni kilobaiti chache kwa siku. Seva yenyewe ina kadi nne. Zimekwenda wapi?*
— Kontena Tupu

Hazijakwenda popote, ni wewe uliyeingia chumba kingine. Kontena huwa na nafasi yake ya mtandao iliyotengwa, na eth0 unayoiona humo ni ncha moja ya kebo ya kufikirika. Ncha ya pili iko nje, kwenye seva, ikiwa na jina la kuanzia na veth. Kilobaiti zako ni mazungumzo ya kontena yenyewe na hakuna kingine.

Anzisha kontena kwa `--network host`, nayo itaona milango yote ya seva kwa majina yake halisi. Kama unatumia vnStat, kumbuka pia kuifunga `/var/lib/vnstat` kwenye folda ya nje, la sivyo siku ukiibadilisha kontena historia inakwenda nayo. Na uwe tayari kwa kero moja: ukishaitoa chumbani itaona pia docker0 na veth za kontena nyingine zote, ambazo majina yake hubadilika kila kontena inapozaliwa upya. Hapo ndipo ile `AlwaysAddNewInterfaces` ya hapo juu isiwashwe, maana utajaza daftari makaburi.

*Shikamoo. Wireshark inafunguka, orodha ya violesura ni tupu. Nikiianzisha kwa sudo orodha inajaa. Mwenzangu mwenye Windows naye haoni kitu, na yeye ni msimamizi wa mashine. Tufanyeje?*
— Wawili Wasioona

Marahaba wote wawili, lakini magonjwa yenu ni mawili.

Wewe wa Linux, sudo imeshakujibu: ni ruhusa. Wireshark si msoma mita kama vnStat. Inataka pakiti zenyewe, na kwa hilo kerneli inadai kibali. Ila usiizoee sudo. Wireshark ina vichambuzi vya itifaki nyingi mno, kila kimoja kinasoma data iliyotoka kwa watu usiowajua, na hutaki hayo yafanyike kwa mamlaka ya root. Anayekamata pakiti ni programu ndogo iitwayo dumpcap, na ndiyo pekee inayohitaji kibali. Kwenye Debian na Ubuntu endesha `dpkg-reconfigure wireshark-common`, kubali watumiaji wa kawaida wakamate, kisha `usermod -aG wireshark` ukimalizia na jina lako.

Halafu toka kabisa kwenye akaunti na uingie tena. Kufunga dirisha hakutoshi. Nusu ya wanaoniandikia kuhusu hili wamefanya kila kitu sawasawa isipokuwa hapo. Andika `groups`, usipoona neno wireshark, bado hujaingia upya. Ukiliona na orodha bado ni tupu, `getcap /usr/bin/dumpcap` ikuonyeshe cap_net_raw. Halafu `dumpcap -D` iorodheshe violesura bila sudo.

Mwenzako wa Windows aangalie kama Npcap ipo na inafanya kazi: `sc query npcap` kwenye dirisha la amri. Wireshark haina njia ya kuzifikia kadi za Windows bila draiva hiyo. Watu wengi huruka kisanduku chake wakati wa kusakinisha wakidhani ni nyongeza isiyo na maana. Akikuta mashine ina WinPcap, aiondoe. Ile iliishia toleo la 4.1.3 mwaka 2013, na Wireshark ilihamia Npcap ilipofika toleo la 3.0 mwaka 2019.

*Ndugu Mama Waya, nimejenga ruta yangu kwa Linux. Programu inaviona violesura vyote: eth0, ppp0, br0, eth1, wlan0 na wg0. Nikijumlisha vyote napata karibu mara nne ya kile mtoa huduma anachosema nimetumia. Nani mwongo?*
— Mjumlishaji

Hakuna mwongo. Umemhesabu mgeni mmoja kwenye kila mlango aliopita.

Fuata baiti moja inayoshuka kwenda kwenye simu iliyounganishwa kwa Wi-Fi. Inaingia eth0 ikiwa imefungwa kwenye bahasha ya PPPoE, itifaki ya kuungana na mtoa huduma. Bahasha inafunguliwa, inahesabiwa ppp0. Inatoka kuelekea ndani kupitia daraja br0, na daraja linaitoa kwa wlan0. Milango minne, baiti moja. Kama simu ilikuwa inapitia VPN ya ruta, ongeza wg0. Kwa hiyo kujumlisha violesura ni kosa karibu mara zote. Chagua kimoja kulingana na swali lako. Unataka kujua mnatumia kiasi gani cha laini? ppp0. Unataka kujua Wi-Fi inabeba kiasi gani ukilinganisha na waya? wlan0 na eth1, na uliache daraja. eth0 itazidi ppp0 kidogo kila mara kwa sababu kila pakiti imebeba bahasha yake.

ppp0 ina tabia yake. Laini ikikatika kiolesura kinafutika, na kikirudi kaunta zake zinaanza sifuri. Kipimo kizuri kinalielewa hilo. Kibaya kinasema kiolesura hakipo na kukaa kimya mpaka ukiamshe. Na ukiwa na miunganisho zaidi ya mmoja wa ppp, uliyekuwa 0 unaweza kurudi akiwa 1. Weka `unit 0` kwenye usanidi wa pppd wa laini hiyo, namba isihame.

Sasa ile namna ya kuthibitisha niliyoahidi. Chagua saa ambayo hakuna mwingine anayetumia. Soma `ip -s link show ppp0`, andika baiti zilizopokelewa. Pakua faili la MB 100. Soma tena. Tofauti itakuwa kama baiti milioni 104 au 105, kwa sababu kila pakiti hubeba vichwa vyake pamoja na mzigo. Ukipata milioni 105, umepata mlango sahihi. Ukipata elfu kadhaa, uko kwenye kadi ya akiba kama mimi enzi zile. Na vnStat ikikuambia 100 badala ya 105 usiniandikie: kwa kawaida yenyewe inatumia MiB, ambayo ni baiti 1,048,576.

Ikiwa ruta yako ina kitengo cha chuma kinachosukuma pakiti bila kuipitisha kwenye kerneli, kizime wakati wa jaribio hili. Msoma mita hawezi kusoma maji yaliyopita nje ya mita.

*Mama, nachora grafu za swichi kwa MRTG kupitia SNMP. Umeme ulikatika, swichi ikawaka upya, na sasa grafu ya mlango wa 3 inaonyesha matumizi ya mlango wa 5. Tena milango ya gigabiti inachora meno ya msumeno.*
— Msumeno

La kwanza: SNMP, itifaki ya kuviuliza vifaa vya mtandao takwimu zao, inavitambua violesura kwa namba iitwayo ifIndex, na swichi nyingi hazina wajibu wa kuitunza namba hiyo zikizimwa. Tengeneza usanidi upya kwa `cfgmaker --ifref=name` ili MRTG ifuate jina badala ya namba. Kama swichi yako ina amri ya kuzishikilia namba hizo, itumie pia.

La pili: unasoma kaunta za biti 32. Zinajaa baada ya baiti 4,294,967,296 kisha zinaanza sifuri. Kwenye laini ya megabiti 100 iliyojaa kabisa hiyo ni sekunde 343, na MRTG inasoma kila baada ya sekunde 300, kwa hiyo ilikuwa inaponea chupuchupu. Kwenye gigabiti ni sekunde 34. Kati ya usomaji mmoja na mwingine kaunta inazunguka hata mara nane na hakuna anayejua. Hamia ifHCInOctets na ifHCOutOctets, ambazo ni za biti 64, na uhakikishe unatumia SNMP toleo la 2c au 3. Toleo la 1 haliwezi kuzibeba.

*Mama Waya, shikamoo, lakini leo nina lawama. Mwaka jana ulimshauri msomaji aongeze net.ifnames=0 kwenye mstari wa kerneli ili arudishiwe eth0, na mimi nikafuata. Seva yangu ina kadi mbili. Jana iliamka zikiwa zimebadilishana, kipimo kikarekodi trafiki ya ndani kama ya nje.*
— Niliyefuata Ushauri

Marahaba, na lawama nimeipokea. Msomaji yule alikuwa na kadi moja, nami sikuandika kwamba ushauri ulikuwa wa kadi moja. Kosa ni langu.

Tumia faili lile la .link nililompa wa kwanza, moja kwa kila kadi: nje0 na ndani0. Usizipe majina ya eth0 na eth1 humo, kwa sababu kerneli nayo inayagawa hayohayo na mtagombania. Kabla ya kuwasha upya tafuta kwa `grep -r eth0 /etc` kila mahali jina la zamani lilipotajwa, hasa kwenye kuta za moto, uyabadilishe yote kwa pamoja. Baada ya hapo ondoa net.ifnames=0. Kazi hiyo ifanye ukiwa umekaa mbele ya seva yenyewe, kibodi na skrini zimechomekwa.